Siku Chibalonza Alipotufungia Ndani

Kufungiwa nje nimezoea. Nimefungiwa nje na benki, na zahanati, na hata na kanisa siku niliyochelewa harusi ya binamu yangu kule Eldoret. Kufungiwa ndani nilifungiwa mara moja tu, katika treni, mchana kweupe, na aliyenifungia ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Nilimkasirikia kwa muda wa kituo kimoja, kisha nikaacha.

Rafiki huyo ni Chibalonza, Mkongo wa Bukavu, mama wa watoto wawili, jirani yangu hapa Quakers Hill, Sydney, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tulijuana siku aliponisikia nikimgombeza mwanangu barabarani kwa Kiswahili, naye mtoto akinijibu kwa Kiingereza kama ilivyo desturi yao. Chibalonza alitoka nje akanisaidia kugombeza. Mtu akikusaidia kazi kama hiyo bila kuombwa, humwachi. Mimi naitwa Jerotich, ni muuguzi katika nyumba ya wazee, nina mdomo, na wala sikatai.

Wakati huo Chibalonza alikuwa anapanga maboksi katika ghala moja. Alinyanyua na kushusha mchana kutwa mpaka mgongo ukamgomea, akawa anarudi nyumbani akitembea kama bibi yake. Mwaka juzi akaona tangazo la kazi ya gadi wa treni. Akaomba, akaitwa, akapita mtihani wa karatasi, akapewa sare na viatu vizito. Mama yake akasimama kanisani kutoa ushuhuda kwamba mtoto wake sasa ndiye mwenye milango ya treni za Sydney, na kanisa zima likapiga makofi.

Kwa asiyejua, treni zetu za ghorofa mbili zina wafanyakazi wawili. Dereva yuko mbele, na gadi yuko nyuma kabisa, katika kijumba chake kwenye behewa la mwisho. Abiria wengi hudhani milango inajifungua na kujifunga kwa akili zake. Ni ya umeme, sawa, lakini kuna kidole cha mtu kwenye kitufe. Gadi hufungua, hutangaza, hutoa kichwa nje kulitazama jukwaa lote, hufunga, kisha hungoja taa ndogo imwambie kwamba kila mlango umeshika, ndipo humpigia dereva kengele ya kuondoka. Mlango mmoja ukibaki wazi kwa upana wa kidole, mabehewa yote manane hayasogei hata hatua. Ipo pia ile metro mpya isiyo na dereva wala gadi, ambayo kompyuta ndiyo hufunga kila kitu. Mama yake Chibalonza hajaipanda mpaka leo. Anasema hawezi kuingia katika gari ambalo hakuna mtu wa kumsalimia.

Mambo ya vitufe na taa Chibalonza aliyajua vizuri kuliko wote darasani. Shida yake ilikuwa moja, nayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha mafunzo. Hakuweza kumfungia mtu mlango usoni. Kwao, aliniambia, mlango wa nyumba hukaa wazi toka asubuhi mpaka jua lizame. Ukiufunga mchana, majirani watauliza nani amefariki, au ni nani mmegombana naye, au mnakula nini huko ndani ambacho hamtaki kuonekana nacho. Mtu akija mbio kuelekea mlango wako nawe ukamfungia, hilo ni tusi, na atalisimulia mpaka kwa wajukuu.

Na aliyemlea hivyo ni huyo huyo mama yake, Mama Gloriose, anayekaa Granville juu ya duka la mikate la Walebanoni. Huyu mama lazima nimweleze kidogo, maana bila yeye hakuna hadithi. Mimi ni Mkalenjin. Kwetu mgeni anasindikizwa mpaka langoni, na akiwa mtu mzuri sana mpaka barabarani, basi, nenda salama. Mama Gloriose humsindikiza mgeni mpaka kitini. Hubeba mzigo wake, huingia naye ndani ya treni, humchagulia kiti kisichopigwa na jua, hupanga mifuko, huomba dua, hutuma salamu kwa watu wa kule aendako mmoja mmoja kwa majina, kisha ndipo hushuka. Akiwa bado anaishi Bukavu dereva wa basi alikuwa anangoja dua iishe, na pengine kuitikia amina. Hapa Sydney alishachukuliwa na treni mara mbili akiwa bado anatuma salamu. Mara ya pili alifika Redfern. Hakujifunza lolote, na nilipomwambia ukweli huo alinipa chapati ya pili ili ninyamaze.

Basi, mtihani wa mwisho wa gadi hufanyika kazini. Mkaguzi husimama nyuma yako ndani ya kijumba na faili lake na saa yake, nawe unafanya kazi kama siku zote. Mkaguzi wa Chibalonza alikuwa mzungu mmoja wa Penrith, mpole, mwenye masharubu, ambaye kila mtu alimwita Kev. Mara ya kwanza mambo yaliharibikia Town Hall, kituo kilicho chini ya ardhi katikati ya mji, asubuhi, watu wamejaa kama siafu. Chibalonza alikuwa ameanza kufunga milango alipomwona bibi mmoja akija na kikapu chake cha magurudumu, mkono juu. Akafungua. Nyuma ya bibi wakaja wasichana wawili wa ofisini. Akafungua tena. Kisha mzee mwenye fimbo. Sheria inasema ukishaanza kufunga hufungui tena, ila mtu akibanwa. Yeye alifungua mara nne.

Alichelewa dakika mbili na nusu. Ukiwa jikoni hizo si kitu, hata vitunguu havijaiva. Lakini kule chini, nyuma ya treni yake kulikuwa na treni nyingine ndani ya shimo, na nyuma ya hiyo kulikuwa na nyingine, zote zimesimama gizani na watu wamebanana wakitazama saa, kwa sababu ya bibi ambaye angengoja dakika tatu tu akapata yake. Kev hakumgombeza. Aliandika tu, akamwambia amebakiwa na nafasi moja. Akianguka tena, anarudi alikotoka, na alikotoka ni kwenye maboksi.

Jioni hiyo alikuja kwangu akakaa kwenye ngazi za jikoni bila kuvua viatu. Alisema mgongo wake hauwezi tena ghala. Alisema pia kwamba hajui atamwambia nini mama yake, ambaye alishalitangazia kanisa. Nikamwambia asimwambie chochote, wala siku ya mtihani wa pili asiitaje, maana Mama Gloriose akiijua atakuja na kwaya.

Kisha tukaanza mazoezi. Gereji yangu ina mlango wa kujikunja unaoshuka kwa rimoti. Chibalonza alisimama ndani na rimoti mkononi, mimi nikawa abiria. Nilirudi mpaka kwenye geti, nikabeba mifuko ya dukani, nikaja mbio nikilia, mama wee, nisubiri, nina wagonjwa, nina watoto. Kuigiza ninaweza, Mungu hakuninyima. Mara ya kwanza alibonyeza, mlango ukashuka hadi kiunoni, akaona uso wangu, akabonyeza tena ukapanda. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya sita nilikuwa nahema kama ng'ombe na majirani wetu Wafilipino walikuwa wametoka na viti kututazama.

“Dada Jero, siwezi,” alisema. “Unakuja unalia vile, mi nakufungia mulango namna gani?”

Hapo nilikasirika, na hasira zikanipa akili, jambo ambalo halinitokei mara nyingi. Nilimwambia, “Sikiliza. Mimi niliye nje unanionea huruma kwa sababu unaniona. Wale mia nane walio ndani ya treni umewapa mgongo, huwaoni. Lakini wao ndio wageni wako. Umeshawapokea, wamekaa, na wewe unawaacha unakimbilia mtu wa barabarani. Hiyo ndiyo heshima mliyofundishwa Bukavu?”

Akaniambia nirudi kwenye geti nije tena. Nikaja, nikalia vizuri kuliko mara zote, na mlango ukashuka mpaka chini bila kusita, ukavunja trei ya mayai niliyoiweka kizingitini kwa kukosa pa kuiweka. Wafilipino wakashangilia. Wiki mbili tulifanya hivyo kila alipotoka kazini, mpaka mimi nikapungua kilo mbili na yeye akaweza kunifungia hata akicheka.

Mtihani wa pili ukapangwa Jumamosi. Aliniambia siku, hakuniambia treni, kwa kuwa hata yeye alikuwa hajajua atapangiwa ipi.

Jumamosi hiyo hiyo Mama Gloriose alikuwa anamuaga Mzee Libère. Huyu ni mzee wa Kirundi anayekaa Adelaide, rafiki wa marehemu mumewe, mtu mwenye adabu za zamani, anayevua kofia hata akiongea na simu. Alikuwa amekaa Granville wiki tatu, na ndege yake ilikuwa saa kumi na moja jioni. Nilialikwa chakula cha kumuaga. Tulikula fufu na samaki na sombe, kisamvu cha Kikongo, mpaka nikalegeza mkanda, kisha saa saba na nusu tukaanza kusindikiza. Tulikuwa sita: Mama Gloriose, mimi, Bertrand anayeongoza kwaya, na wanawake watatu wa kanisa. Masanduku mawili, mfuko wa unga wa muhogo, na boksi lililofungwa kamba ambalo mpaka leo sijui lilikuwa na nini.

Tulisimama mwisho kabisa wa jukwaa la kituo cha Granville, kwa kuwa Mama Gloriose hupanda behewa la mwisho tu. Ndilo la mtoto wangu, husema, hata siku ambayo mtoto wake yuko nyumbani anafua. Treni ikaja, milango ikafunguka, nasi sote sita tukaingia na mizigo. Bertrand akapanga masanduku. Mama akachagua kiti akakifuta kwa khanga yake. Mzee Libère, kwa zile adabu zake, alibaki nje kando ya mlango, kofia mkononi, ili kila mmoja wetu akishuka amshike mkono na kumshukuru, kisha yeye aingie wa mwisho. Hesabu yake ilikuwa nzuri, ila ilihitaji sisi tushuke.

Bertrand alikuwa amefumba macho, ameanza dua, sauti ilipotoka juu ya vichwa vyetu ikisema kwa Kiingereza kwamba milango inafungwa, tafadhali tukae mbali. Nikaijua sauti ile kabla haijamaliza. Mama Gloriose naye akaijua. Uso ukamng'aa kama wa bibi harusi.

“Ni Chibalonza!” alisema. “Musikimbie, huyu ni mutoto wetu, atatungojea. Bertrand, endelea, omba taratibu.”

Na wote wakatulia, ndiyo, wakatulia kabisa. Mwanamke mmoja hata alikaa. Watu wengine wote duniani wakisikia milango inafungwa hukimbia, ila sisi, tukisikia anayeifunga ni wetu, tunaongeza aya ya pili ya dua.

Mimi peke yangu nilijua siku ile ilikuwa siku gani. Nikatoa kichwa nje ya mlango. Chibalonza alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ametoa kichwa katika kijumba chake, analitazama jukwaa, na nyuma ya bega lake niliona masharubu, na faili, na saa. Macho yetu yakakutana. Nataka niseme kwamba nilifanya jambo la busara, kwamba niliwavuta watu wote nje. Nilimshika kweli Mama Gloriose mkono nikamwambia tushuke upesi, mama, tushuke, lakini yeye akanipita, akatoa mkono nje na kuupunga, akaita kwa sauti ya kuitia watoto chakula, “Chiba! Ngoja kidogo, tunaomba!”

Nilimwona Chibalonza akimtazama mama yake. Alimtazama pia Mzee Libère na kofia yake. Akatazama jukwaa mpaka mwisho wake, ambako hakukuwa na mtu mwingine aliyebaki. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayemeza kidonge bila maji. Kisha akarudisha kichwa ndani, na mimi nikamvuta mama mkono kwa nguvu zangu zote, kwa sababu nilijua kidole kilipo.

Kengele ya milango ikalia. Milango ikajifunga. Bertrand akasema amina.

Treni ikaondoka, ikampita Mzee Libère taratibu. Alikuwa bado anatabasamu, kofia ameiinua, akiwaaga wenyeji wake ambao sasa ndio walikuwa wanasafiri, pamoja na masanduku yake na unga wake.

“Mais,” alisema Bertrand kwa Kifaransa chake, akifumbua macho, “lakini mzee amebaki.”

Nilicheka, Mungu anisamehe. Halafu nikamkasirikia Chibalonza, kama nilivyosema, kwa kuwa tumbo lilikuwa limejaa fufu na nilijiona nimedhalilishwa mbele ya abiria. Mama Gloriose hakucheka. Alisema mtoto wake amemwona, macho kwa macho, amemsikia akiita, na amemfungia kama mwizi, mbele ya watu wa kanisa. Akaenda kwenye mlango mdogo wa kijumba cha gadi, akainua ngumi kuugonga.

Nikaiwahi ile ngumi. Treni ile ilikuwa ya kuruka vituo, haikusimama mpaka Lidcombe, na njiani nilimweleza yote. Kwamba leo ni mtihani. Kwamba mle ndani kuna mtu wa kalamu. Kwamba alianguka ule wa kwanza kwa sababu alimfungulia bibi mmoja asiyemjua hata jina, na leo angemfungulia mama yake angerudi kwenye maboksi na mgongo wake ule. Kwamba mimi nilijua na ndiye niliyemshauri afiche, kwa hiyo akitaka kumgombeza mtu anigombeze mimi.

Hakunigombeza. Alikaa juu ya sanduku la Mzee Libère, akaifunga khanga yake upya, akatazama nje vituo vikipita.

“Huyo mutu wa kalamu,” aliuliza, “anajua mi ni nani?”

Nikasema sidhani. Akaitikia kwa kichwa.

Lidcombe milango ilipofunguka tulishuka sote na mizigo. Chibalonza alikuwa kwenye mlango wake, ametoa kichwa, na Kev amesimama nyuma yake. Machozi yalikuwa karibu, nilimwona. Nadhani angesema kitu, angesema mama nisamehe hapo hapo mbele ya faili. Lakini Mama Gloriose alimwendea kwa hatua za mtu asiye na haraka, akasimama mbele yake, akamtazama kama mtu anavyomtazama karani wa posta, akatumia kile Kiingereza chake kidogo alichofundishwa na serikali.

“Excuse me, madam,” alisema. “Which train to Granville, please?”

Chibalonza akanyoosha mkono akasema kwa Kiingereza, panda ngazi, madam, halafu ushuke upande wa pili. Mama akasema thank you, akageuka, akatuamuru kwa macho tusiseme lolote. Yule mama aliyelitangazia kanisa zima, ambaye husalimia kila gadi wa Sydney kwa sababu ya binti yake, alimpita binti yake kama mpita njia. Petro alikana mara tatu ili ajiokoe. Mama Gloriose alikana mara moja, na hakuwa anajiokoa yeye.

Milango ikajifunga nyuma yetu, kwa wakati wake, na treni ikaenda.

Kilichotokea ndani ya kijumba Chibalonza alinisimulia baadaye. Kabla hawajafika Strathfield, Kev alimuuliza kama anamfahamu yule mama wa khanga. Aliuliza kwa upole, akitazama nje. Chibalonza anasema jibu lilikuwa limeshaandaliwa, mama yake alikuwa amemwekea mezani kama sahani ya chakula. Angesema hapana, mambo yangekwisha. Angesema ndiyo, pengine wangeandika kwamba ndugu zake ndio wanaovuruga treni, na asubuhi ile ile alikuwa ameonywa kuhusu gadi kuwapendelea watu wa kwao.

Akasema, “That's my mum.”

Kev akaangalia saa yake. Strathfield ikapita, Redfern ikapita, Central, Town Hall, Wynyard. Kila kituo alifungua na kufunga. Zamu ilipokwisha ndipo Kev alipofungua faili. Alimwambia kwamba pale Granville alimsikia yule mama akimwita kwa jina. Chibalonza angefungua milango, yeye angemwangusha. Angemdanganya, angemwangusha pia. Kisha akatia sahihi, akampa mkono, akamwambia amfikishie mama yake pole.

Sisi huku Lidcombe tulikuwa tumekaa juu ya masanduku tukimngoja mgeni wetu, ambaye Bertrand alikuwa amempigia simu apande treni inayofuata. Alikuja na treni ya pili, ametoa kichwa mlangoni, kofia mkononi, akituomba msamaha kwa kutuchelewesha. Tukampitishia mizigo kama watu wanaozima moto, sanduku, sanduku, unga, boksi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeweka mguu ndani. Bertrand aliomba dua akiwa jukwaani, fupi, macho wazi. Mzee aliipata ndege yake.

Tukarudi Granville. Saa kumi na moja Chibalonza akaingia na sare yake, akatukuta sote sebuleni, hakuna aliyekuwa na moyo wa kurudi nyumbani kwake. Mama Gloriose alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, ingawa mchele wa hapa hauna mawe. Hakuinua kichwa.

“Yule muzungu aliuliza?” alisema.

“Aliuliza, mama.”

“Ukasema nini?”

“Nikasema ni mama yangu.”

Ungo ukawekwa chini. Mama Gloriose akaanza kugombeza, na akigombeza anagombeza kweli. Alisema yeye alikwisha kumkana mbele ya watu, amejikaza moyo ukauma, halafu mtoto anakuja kuharibu yote kwa mdomo wake, mtoto gani huyu asiyejua kusaidiwa, sasa atarudi kwenye maboksi na nani atamkanda mgongo. Chibalonza alingoja mpaka akaishiwa pumzi, akatoa ile karatasi mfukoni.

“Nimepita, mama,” alisema. “Nilisema kweli na nimepita.”

Mama Gloriose aliishika karatasi. Kusoma Kiingereza hasomi vizuri, lakini aliitazama toka juu mpaka chini, akaigeuza, akatazama na nyuma.

“Miaka kumi na moja niko hapa,” alisema polepole. “Wameniandika mu makaratasi mingi. Refugee. Client. Patient. Sasa pensioner. Hakuna siku mutu alisimama mu kazi yake akasema, huyu ni mama yangu.”

Chibalonza akapiga magoti pale kwenye zulia na viatu vyake vizito, akamlalia mapajani, wakalia wote wawili. Bertrand alitazama dirishani. Mimi nililia pia, na sioni haya kusema, maana nilikuwa nimeshikwa na jambo langu mwenyewe. Miaka tisa nimefanya kazi katika ile nyumba ya wazee. Wenzangu najua majina ya mbwa wao. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunisikia nikimtaja mama yangu, kana kwamba nilidondoka kutoka kwenye ndege nikiwa na sare.

Jumatatu wakati wa chai niliwaambia wote. Niliwaambia anaitwa Tapsubei, yuko Kapsabet, ana ng'ombe watatu na hasira nyingi, na kwamba mimi ni mtoto wake.